Natapika kila nikila tangu nipunguzwe tumbo: je, ndiyo kupona kwenyewe?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Wiki tisa zilizopita nilifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo la chakula Dar es Salaam. Nilikuwa na kilo 128, sasa nina 109. Wiki za uji na supu zilikwenda vizuri. Tangu nilipoanza vyakula vya kawaida, nikila ugali au kuku, matonge mawili matatu tu, kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, natapika, ndipo napata nafuu. Sasa ni wiki ya tatu natapika karibu kila siku. Mama mkwe, ninayekaa naye, anasema tumbo lazima lizoeshwe, nile hata kwa kujilazimisha. Majirani nao wameanza kuniangalia kwa jicho lile, si unajua mtu akikonda ghafla huku kwetu. Mizani imegoma wiki mbili. Je, operesheni imefeli? Nitakuja kula wali kama watu wengine? Ramadhani nitaweza kufunga? Dawa zangu za sukari natumia kama zamani, ingawa kuna siku ikifika saa nne asubuhi natetemeka na jasho linanitoka mpaka ninywe soda. Vidonge vya vitamini nimeviacha maana navyo navitapika. Halafu jambo dogo tu, wiki hii vidole vya miguu vinakufa ganzi. Labda ni viatu."*

Marahaba, dada. Pole sana, na umefanya vizuri kuandika. Mambo mengi uliyouliza yana majibu ya kutuliza moyo, na nitayafikia. Lakini naanza na hilo uliloliita dogo. Ukishasoma aya hizi chache za mwanzo, weka simu chini, mwombe mtu akusindikize, uende hospitali leo. Usingoje Jumatatu, wala usingoje tarehe yako ya kliniki ya Dar. Hospitali ya Bombo iko karibu nawe, nenda Bombo.

Sababu ni hii. Mtu aliyepunguzwa tumbo, akatapika kila siku kwa wiki tatu na kuacha vitamini, akianza kufa ganzi miguuni, ugonjwa wa kwanza kuufikiria ni upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Mwili wetu hauna ghala kubwa la vitamini hii. Akiba yake ni ya wiki mbili tatu hivi, na wewe umeshazimaliza. Thiamini ndiyo inayowezesha mwili kugeuza wanga na sukari kuwa nguvu, kwa hiyo ikikosekana, mishipa ya fahamu na ubongo ndio wa kwanza kuumia. Huanza hivyo hivyo, ganzi au kuungua kwenye nyayo. Ikiachwa, mtu huanza kuyumba akitembea, kuona vitu viwili viwili, macho kuchezacheza, kisha kuchanganyikiwa. Hatua hizo za mwisho zikishafika, wengine hawarudi kama walivyokuwa hata wakitibiwa. Mapema hivi, tiba yake ni rahisi.

Inawezekana ni viatu kweli. Inawezekana pia ni sukari yenyewe iliyokwisha kugusa mishipa ya miguu, maana kisukari cha muda mrefu huleta ganzi. Ila sukari haina haraka ya siku mbili tatu, thiamini inayo. Tunatibu kwanza kile kisichosubiri.

Ukifika, usiishie kusema "natapika". Sema hivi: "Nilikatwa tumbo la chakula wiki tisa zilizopita, natapika kila siku kwa wiki tatu, vidole vya miguu vina ganzi, na natumia dawa za sukari." Beba karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali iliyokufanyia na dawa zako zote ndani ya mfuko. Halafu, kwa adabu lakini bila woga, ulizia sindano ya thiamini kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari. Haraka ya mapokezi ikimwona mgonjwa aliyeishiwa nguvu humkimbilia kwa dripu ya glukosi, na glukosi ikiingia kwenye mwili usio na thiamini huchoma hata ile kidogo iliyobaki, mgonjwa akazidi kuharibikiwa. Thiamini itangulie. Vidonge vya B kwa sasa havitakufaa kwa kuwa utavitapika. Watapima pia sukari, figo, na madini ya damu kama potasiamu na magnesiamu, ambayo hupotea kwa kutapika.

Sasa tuzungumze kwa utulivu kwa nini unatapika.

Naamini ulichofanyiwa ni ile operesheni ya kukata tumbo la chakula kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayofanywa zaidi siku hizi. Daktari huondoa karibu robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo na kubakiza bomba jembamba linalobeba kiasi cha mililita 100 hadi 150, yaani nusu glasi au pungufu kidogo. Si puto. Nasema hivi kwa kuwa tangu habari za puto la tumboni la Hospitali ya Mloganzila zienee, watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Puto huingizwa kwa mdomo, hukaa miezi kadhaa, kisha hutolewa na tumbo linabaki vile vile. Wewe umekatwa, na kilichoondolewa hakirudi. Atakayekuuliza "litatolewa lini" mwambie hakuna cha kutoa.

Sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikinyumbuka kupokea chakula, na ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Ndiyo maana husikii njaa kama zamani, na hilo ni sehemu ya tiba, kwa hiyo usitishike. Bomba lililobaki lina misuli migumu zaidi na halinyumbuki. Chakula kikiingia kingi au kwa haraka, presha hupanda juu, na hapo ndipo kifua kinabana, mate yanajaa, pengine kwikwi au mafua ya ghafla. Hiyo ndiyo shibe yako mpya. Zamani ulishiba tumboni, siku hizi unashiba kifuani. Ukisubiri ile shibe ya zamani ya kufungua mkanda, hutaisikia, na tonge utakalokula ukiisubiri ndilo litakalorudi.

Halafu kuna ugali. Fikiria tunavyoula. Tonge linafinyangwa, linabonyezwa, linachovywa mchuzi, linamezwa. Nani anatafuna ugali? Ni donge zito, linanata, linateremka zima zima kwenye bomba jembamba. Bada ya muhogo ndiyo usiifikirie kabisa kwa sasa. Kuku naye, hasa wa kienyeji, au nyama iliyopashwa moto mara ya pili, ana nyuzi ngumu ambazo tumbo lako haliwezi tena kuzisaga kama mwanzo. Ukiongeza maji mezani ili kusukuma, presha inazidi. Kwa hiyo ulichotapika ni mzigo uliokuwa mkubwa mno kwa njia iliyopo. Si kwamba hujui kula, ila hakuna aliyekufundisha kula upya, na ratiba nyingi za hospitali zinaandika "wiki ya saba, chakula cha kawaida" bila kufikiria cha kawaida cha Tanga ni kipi.

Hata hivyo, siwezi kusema yote ni kasi ya kula. Kuna uwezekano wa pili, na ni lazima uangaliwe. Bomba hilo linaweza kupata mbano au kujipinda, mara nyingi pale katikati panapokunja. Dalili zake huanza hivyo hivyo wiki kadhaa baada ya operesheni, na huzidi kadiri siku zinavyokwenda: kwanza nyama inakataa, kisha wali, kisha uji, mwisho hata maji. Jipime kwa kitu kimoja. Je, maji, maziwa na supu iliyochujwa vinapita vizuri ukinywa taratibu? Vikipita, kosa huenda likawa namna ya kula. Visipopita, au vikipita leo na kukataa kesho, shuku mbano na umwambie daktari waziwazi. Hupimwa kwa kumeza dawa inayoonekana kwenye eksirei, au kwa kamera ya tumbo. Wengi hutibiwa kwa kupanuliwa kupitia hiyo hiyo kamera, bila kupasuliwa tena. Aliyekufanyia operesheni ajulishwe kwa simu leo, hata kama unatibiwa Bombo.

Mama mkwe nampenda bila kumwona, kwa sababu anayekulazimisha kula anaogopa kukupoteza. Lakini kwenye hili la kuzoesha tumbo anakosea. Tumbo halizoeshwi kwa kushindiliwa. Ukilazimisha, chakula kinapanda juu, umio unaungua na kulegea, na kiungulia, ambacho ni adui mkubwa wa operesheni ya aina yako, kinaweka makazi. Baada ya mwezi wa sita hadi mwaka, bomba hulegea lenyewe kidogo na utaweza kula sahani ndogo. Hilo linakuja kwa muda, haliji kwa nguvu. Ushauri wangu ni umpe mama kazi badala ya ubishi. Mpike chukuchuku pamoja, yeye ndiye atoe miba na kumponda samaki. Na siku ya kliniki mwende wote, ayasikie haya kwa daktari. Mkwe akisikia maneno kwa daktari hayachukulii kama jeuri ya mkaza mwana.

Kabla ya chakula, hiyo mitetemo ya saa nne inanisumbua. Hukutaja jina la dawa zako. Kama mojawapo ni glibenklamaidi, au unajichoma insulini, basi naona hatari ya wazi. Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala. Dozi uliyopangiwa ukiwa na kilo 128 na sahani mbili za wali ni kubwa mno kwa mtu anayekula vijiko sita na kutapika vinne. Sukari inashuka chini ya 4 (mmol/L), unatetemeka, unaloa jasho, na ikiendelea unaweza kupoteza fahamu. Baada ya operesheni hii, wenye kisukari wengi hupunguziwa dawa ndani ya wiki chache, wengine huachishwa kabisa. Wewe hakuna aliyekupunguzia. Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari kiasi hicho, lakini mtu anayetapika na kukaukiwa maji huisimamisha kwa muda ili kulinda figo. Kwa hiyo kabla ya kumeza dozi nyingine yoyote, pima sukari na uzungumze na daktari huko huko Bombo. Kama una dawa za presha, nazo zitajwe, kwa sababu uzito ukishuka na maji yakipungua, presha hushuka pia na mtu akaanguka akiinuka kitandani.

Kuna mtuhumiwa mwingine wa mitetemo hiyo, chai ya asubuhi yenye sukari na maandazi. Tumbo jembamba humwaga wanga haraka kwenye utumbo, sukari inapaa, mwili unajibu kwa insulini nyingi kupita kiasi, na saa moja hadi tatu baadaye sukari inaporomoka. Nunua au azima kipima sukari, ujipime wakati ule ule unapotetemeka, uandike namba. Ikiwa imeshuka kweli, nusu glasi ya soda ni sawa kwa dharura, mradi uifuate na kitu chenye protini baada ya dakika chache, la sivyo utaanza duru nyingine.

Haya, chakula. Mpaka uonwe na daktari, rudi kwenye vinywaji vyepesi: maji, maziwa, supu iliyochujwa, mtindi uliolainishwa. Kutapika kukikoma, kaa siku kadhaa kwenye uji mwepesi na vyakula vilivyopondwa, ndipo upande kwenye vyakula laini. Kurudi nyuma hatua mbili hakukupotezei chochote. Wenzako wengi wamerudi.

Lengo lako kubwa ni protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, kwa sababu bila hiyo mwili unaokonda unakula misuli yake. Na hapa ndipo mtu wa Tanga ana bahati kuliko anavyojua. Samaki mweupe laini kama changu, chukuchuku yenye ndimu na chumvi kidogo, aliyetolewa miba na kupondwa ndani ya mchuzi wake, ni chakula cha mgonjwa huyu hasa. Gramu 150 zake kwa siku nzima, kidogo kidogo, zinakupa kama gramu 30 za protini. Mayai mawili yaliyoiva laini, 12. Glasi ya maziwa 8, ya mtindi 8. Nusu kikombe cha choroko au mbaazi zilizopondwa, kama 7. Jumla umeshavuka 60 bila kununua kopo la unga wa protini la bei mbaya. Maziwa yakikuharishia au kukujaza gesi, ambalo hutokea baada ya operesheni, mtindi huvumilika zaidi. Dagaa waliokaushwa vizuri, wakasagwa na kuchekechwa, ukakoroga kijiko ndani ya uji, ni protini na kalsiamu kwa pamoja. Uji wenyewe uwe mwepesi na usiwe na sukari.

Kumwambia mtu wa Tanga aache nazi ni kutafuta ugomvi, kwa hiyo sitakuambia. Tumia tui jepesi, na tui zito la kwanza waachie watoto. Mafuta mengi yatakuletea kichefuchefu sasa hivi, na baadaye yatakurudishia kilo.

Namna ya kula ina uzito kuliko chakula chenyewe. Tumia kijiko kidogo cha chai na kisahani. Tafuna mpaka iwe uji mdomoni. Weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Anza na samaki au yai, kisha mboga, wanga uwe wa mwisho kama nafasi imebaki. Kifua kikianza tu kujaa, acha, hata kama kwenye kisahani kimebaki kijiko kimoja. Najua tumelelewa kumaliza chakula na kwamba kubakiza ni dharau. Basi pakua kidogo. Maji usinywe wakati wa kula wala nusu saa baada ya kula, lakini kwa siku yafike lita moja na nusu kwa mafunda madogo madogo. Kwa joto letu la Tanga hii ni kazi ya kutwa nzima, tembea na chupa. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, hujanywa vya kutosha. Dafu kiasi si baya. Juisi ya miwa na soda za kila siku ziache.

Jihadhari na vile vinavyoteleza. Mtu akichoka na samaki anayembana, anagundua kwamba biskuti zilizochovywa kwenye chai zinapita, visheti vinapita, kashata inayeyuka, aiskrimu inashuka yenyewe. Hapo anadhani amepata suluhisho. Hivyo ndivyo watu wanavyopata upungufu wa damu na huku wakinenepa upya baada ya mwaka wa pili.

Wali utakula. Watu wengi huuvumilia baada ya miezi kadhaa, vijiko vichache, uliopikwa ukalainika, ukiwa na mchuzi. Ugali na chapati huchelewa zaidi, mkate mweupe laini nao unashangaza wengi kwa kuganda kama donge. Wapo wachache ambao kitu kimoja kinakataa moja kwa moja, na hakuna awezaye kukuambia mapema kitakuwa kipi. Sahani iliyojaa pilau ya harusi haitarudi, na nadhani ulijua hivyo ulipotia saini.

Operesheni haijafeli. Kilo 19 kwa wiki tisa ni nyingi. Wiki za mwanzo sehemu kubwa ya kilichoondoka ni maji na wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, halafu mwili husimama na kujipanga, mizani ikaganda wiki mbili hata tatu, kisha ikaendelea. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, na mizani nyingine zote za madukani uzipite. Lakini nikwambie ukweli kuhusu mwisho wa safari pia: wengi hupungua kati ya robo na asilimia 30 ya uzito waliokuwa nao, ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Kwako ni kufikia kilo 90 na kitu. Aliyekuahidi 60 alikuwa anauza kitu.

Nywele hukuziuliza, ila zitakuja. Kuanzia mwezi wa tatu hivi huanza kupukutika kwa wengi, ukichana zinabaki kwenye kitana. Ni mshtuko wa operesheni na kukonda kwa haraka. Kwa kawaida huota tena baada ya miezi kadhaa protini, chuma na zinki vikiwa sawa. Usikimbilie kupaka kila unachouziwa.

Jicho la majirani ni gumu kuliko chakula. Mtu akikonda mitaani kwetu, watu wameshamaliza kumpima damu kwa macho. Huna deni la kumweleza mtu yeyote. Chagua jibu moja fupi utakaloweza kulisema bila kutetemeka, kwa mfano "nimetibiwa, daktari ananisimamia, naendelea vizuri", ulirudie hilo hilo kila mara. Ila mumeo na mama mkwe wajue kila kitu, zikiwemo dalili za hatari, kwa sababu ukianza kuchanganyikiwa hutajijua.

Ramadhani ya mwaka huu, mimi kama daktari nakushauri usifunge. Kwa kawaida tunataka mtu avuke angalau mwaka mmoja, hali yake iwe imetulia na vipimo vizuri. Hesabu mwenyewe: lita moja na nusu kwa mafunda, bila kunywa pamoja na chakula, gramu 60 za protini kwa vijiko, yote kati ya magharibi na daku huku unatakiwa kulala. Haitoshi. Na anayetumia dawa ya kushusha sukari akifunga katika hali yako anaweza kuzimia kabla ya adhuhuri. Ruhusa ya mgonjwa katika dini ipo. Namna ya kulipa siku zako muulize sheikh wako, umweleze bila kuficha. Na siku ya futari ya pamoja, kisahani chako ni kile kile: supu na samaki kwanza, tende nusu, viazi na mihogo ya nazi onja tu.

Vitamini utarudi kuzitumia, na hizi ni za maisha: vitamini mchanganyiko, chuma, B12, kalsiamu pamoja na vitamini D. Tumbo lililokatwa linatoa asidi kidogo na kiasi kidogo cha kile kinachosaidia B12 kufyonzwa, kwa hiyo hata ukila mchicha na kisamvu kila siku hutafidia. Omba za kutafuna au za maji. Chuma na kalsiamu zitenganishwe kwa saa mbili, na chuma usimeze na chai. Damu ipimwe mwezi wa tatu, wa sita, mwaka, kisha kila mwaka.

Maumivu yakikupata, paracetamoli. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kununua dukani usiziguse bila daktari kuruhusu, kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Na usishike mimba kabla ya miezi 12 hadi 18 kupita. Kukonda huamsha uzazi hata kwa waliokuwa wamekata tamaa, na vidonge vya uzazi wa mpango kwa mtu anayetapika si vya kutegemea. Kitanzi, kipandikizi au sindano ni bora kwako.

Mbali na ganzi, yako mambo yatakayokutoa nyumbani hata usiku wa manane: mapigo ya moyo yanayopita 120 ukiwa umetulia, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, kuhema kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, maji kukataa kukaa tumboni siku nzima, kuona viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Lolote kati ya hayo ni hospitali moja kwa moja, si duka la dawa.

Hali ikitulia, utarudi Dar kwa kliniki. Ni kilomita kama 350, na damu ya mtu aliyepasuliwa hivi karibuni huganda kirahisi miguuni akikaa muda mrefu. Basi likisimama Segera, shuka utembee. Muheza watakuletea machungwa dirishani, nawe utayatamani. Fyonza maji yake taratibu, moja tu, makapi yote uyateme, maana makapi ya chungwa yaliyomezwa ni moja ya vitu ambavyo madaktari hulazimika kuvitoa kwa kamera.